Vidole vya Babu

Kati ya siku niliyoandika barua ya kuomba jalada la babu na siku niliyoipeleka, mama alipungukiwa meno mawili.

Barua niliiandika Jumatatu. Jumatano jioni baba alirudi kutoka dukani kwake, duka la sufuria na mabeseni pale Buguruni, akaonja mchuzi, akakuta tui limekatika. Akauliza nani kapika. Mama akasema, "Mie." Alikuwa bado ameshika upawa. Baba aliuchukua mkononi mwake taratibu, kama anayetaka kumsaidia kuuosha, akampiga nao mdomoni. Ulikuwa upawa wa chuma, tena umetoka dukani kwetu.

Ijumaa nilipokuwa natoka na bahasha yangu, mama alikuwa uani anafua, shavu limemvimba kama ameficha andazi.

"Unakwenda wapi?"

"Uhamiaji."

"Kumsumbua marehemu?"

"Kumuuliza."

"Wewe utaulizaga mpaka siku utakayojibiwa," akasema. Maneno yalimtoka na upepo wa pengo jipya. Kisha akaendelea kukamua kanzu ya baba.

Niseme mapema nilichokuwa natafuta. Sikuwa naandika historia ya ukoo ili niitundike ukutani, wala sikutaka paspoti ya Arabuni kama ndugu zangu fulani. Nilikuwa natafuta namna ya kumtoa mama katika nyumba ile akiwa hai.

Babu alikuwa Mmanga, mtu wa Arabuni aliyeishi visiwani miaka michache kabla ya kuhamia Dar. Alifariki nikiwa shule ya msingi. Mkono wake wa kulia haukuwa na kidole cha shahada wala cha kati, vimekatwa karibu na shina. Alikuwa akila kwa vidole vitatu vilivyobaki, kwa ustadi, bila kudondosha punje. Nyumbani kwetu kila mtu aliijua habari ya vidole hivyo kabla hajaijua Fatiha. Wakati wa machafuko ya visiwani, watu walimwendea na mapanga. Akaweka mkono mbele ya uso. Panga likashuka. Akakimbia usiku ule ule na mkono umefungwa kilemba, akavuka kuja bara, akafika Msasani wakati Msasani bado ni kijiji cha wavuvi, akapata kazi kwenye duka la mtu, akamwoa bibi.

Habari hii haikuwa ya kusimuliana tu. Ilikuwa na kazi. Kila baba alipomaliza kumpiga mama, aliitwa ami, mdogo wake baba, mwalimu wa sekondari huko Temeke. Ami alikuja na shati lake la kalamu mbili mfukoni, akapewa maji ya kunywa, akasikiliza, akatikisa kichwa, halafu akasema, "Shemeji, mtu kalelewa na mtu aliyekatwakatwa. Ile damu haijakauka. Mnategemea nini?" Na bibi, mama yake baba, akafunga kikao: "Mie nilimkuta hivyo hivyo, na vidole vyake vitatu. Nikavumilia. Na wewe vumilia, mwanangu."

Mama akavumilia. Huyu ni mtu wa Tabora aliyeletwa Dar akiwa na miaka kumi na tisa, mama yake mzazi ameshafariki. Bibi ndiye aliyemfundisha kupika pweza, ndiye aliyemzalisha mimba yangu mikononi mwake kabla gari halijafika, ndiye aliyemwita mwanangu wakati wengine wakimwita yule wa bara. Siku moja nikimwosha mama mgongo baada ya kipigo, maji ya beseni yamegeuka mekundu kama rozela, nilimwambia tuondoke, dada yake yupo Mabibo, ana nafasi. Akanijibu:

"Bibi yako akiniambia nenda, nakwenda leo leo. Asiponiambia, nitafia humuhumu."

Nilimwamini. Mama hasemi maneno ya kutisha ili atishe.

Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa moja: kumfanya bibi aseme nenda. Na njiani palikaa vidole viwili visivyokuwepo.

Niliwahi kuuliza, katika kikao kimojawapo, kama ukali unaletwa na kukatwa, mbona aliyekatwa mwenyewe alikuwa mpole? Babu niliyemjua mie alikuwa akitutolea kunguni kwenye godoro kwa kibiriti, akicheka. Sikumwona akimnyanyulia mtu hata sauti. Ami akasema babu ukali wake alishaumaliza zamani. Nikauliza aliumaliza kwa nani. Baba akanitupia kikombe. Kilinipata hapa juu ya sikio, na kovu lipo. "Chuo kikuu kimekufundisha kuuliza," alisema, "kunyamaza kimekushinda kukufundisha."

Halafu palikuwa na msahafu. Katika ukurasa mtupu wa mwanzo, babu alikuwa akiandika kuzaliwa kwa wanawe, kama wafanyavyo watu wake. Kuzaliwa kwa baba kumeandikwa kwa Kiarabu kilichonyooka, herufi zina tumbo na shingo kama zimechorwa kwa rula na bikari. Kuzaliwa kwa ami, miaka minane baadaye, kumeandikwa kama kuku amepita na wino miguuni. Nilimpelekea bibi.

"Hapa kaandika nani?"

"Babu yako."

"Na hapa?"

"Babu yako."

"Mbona mwandiko si mmoja?"

"Siku hiyo alikuwa anaumwa."

Hapo ndipo nilipotaka karatasi ambayo haikuandikwa na mtu wa nyumba yetu. Mgeni aliyeingia nchini miaka ile aliandikishwa. Alipigwa picha, akaulizwa anatoka wapi, akafunguliwa jalada. Niliyasoma haya chuoni kwa ajili ya mtihani, nikafaulu, nikayasahau, mpaka mwandiko ule uliponikumbusha.

Ofisini nilihudumiwa na mama mmoja wa masjala, mtu mzima, miwani yake imefungwa uzi shingoni. Nilimwamkia, akaitikia, akasoma barua yangu mara mbili.

"Ni babu mzaa baba?"

"Ndiyo."

"Basi niletee cheti chake cha kifo, cheti chako cha kuzaliwa, cheti cha kuzaliwa cha baba yako, kiapo cha wakili kwamba hawa ni ukoo mmoja, na barua ya serikali ya mtaa. Siwezi kumtoa mtu kabatini kwa maneno matupu, mdogo wangu. Humu kuna siri za watu."

Kiapo cha wakili na barua ya mtaa havikuchukua muda. Mwenyekiti alinijua, ila aliniuliza kama tunataka kuhama nchi. Kazi ilikuwa vyeti.

Cheti cha kifo alikuwa nacho bibi, ndani ya mfuko wa nailoni chini ya godoro. Nilimkuta jikoni anapasua nazi. Bibi hupasua nazi za nyumba nzima mwenyewe, kiganja kimoja kimeibeba, mkono wa pili una panga, anaigonga kwa mgongo wa panga huku akiizungusha, mara tatu, inafunguka katikati na maji yanaingia bakulini. Hajawahi kukubali mtu mwingine alishike panga lile.

Nilimweleza. Akacheka, akamwita mama aje asikie. "Njoo umwone mke mwenzangu! Anamtafuta mume wetu kwenye makabati ya serikali. Mie nimemzika, yeye kamkumbuka leo." Kisha akaniuliza, "Na hao watu wa serikali, wana nini chake?"

"Picha. Maelezo yake. Na alama za vidole."

Panga liliikosa nazi likampiga kwenye kiganja, kwa bahati ni mgongo. Aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na mfuko wa nailoni, akanipa. Nilidhani itanibidi nimbembeleze wiki nzima. Sikuelewa kwa nini amenipa upesi hivyo, nikaona nisiulize, na mie si mtu wa kutouliza.

Cheti cha baba kilikuwa kwenye kasha lake, chini ya kitanda, na kasha lina kufuli. Ufunguo huwa kwenye koti la sherehe. Nilikichukua Jumamosi yeye akiwa dukani, nikakimbia kukitoa nakala, nikarudi. Niliporudi alikuwa amekaa kitandani, kasha limefunguliwa mbele yake. Alikuwa amekuja kutafuta leseni ya duka.

Alitoka uani akachomoa mpira wa maji kwenye bomba. Pigo la kwanza lilinipata miguuni, nikaanguka kwenye kokoto. La pili mgongoni. Aliyekuwa akipiga hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi kuliko maumivu. Alikuwa na uso wa mtu anayepasua kuni. Aliuacha mpira, akachukua mchi wa kinu uliokuwa umeegemezwa ukutani. Mama alitoka jikoni mbio, akajilaza juu yangu, akauinua mkono. Nilisikia mfupa. Watu husema mfupa hulia kama ukuni mkavu. Si kweli. Ulilia kama mtu anayetafuna muwa.

Mapokezi hospitalini mama alisema ameteleza bafuni. Muuguzi aliandika ameteleza bafuni, akanitazama miguu yangu yenye mistari, akauliza, "Na wewe umeteleza naye?" Mama akacheka kweli, kwa kinywa kilichobaki, mpaka machozi yakamtoka.

Tulirudi na mkono uko ndani ya hogo la plasta. Nilimwambia naacha. Nimetafuta karatasi ya marehemu, nimemvunjia mkono aliye hai. Ningeweza kuandika hapa kwamba nilikuwa jasiri, lakini ukweli nilishaichana nakala ya kiapo na vipande viko mfukoni.

"Endelea," akasema mama.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mkono umeshavunjika. Sitaki uwe umevunjika bure."

Nikaenda kwa wakili tena, akagonga mhuri mwingine, nikapeleka vyote masjala.

Simu ilikuja baada ya wiki tano. Mama wa masjala alikuwa ameweka jalada mezani, ganda lake la kahawia limeliwa pembeni na mende, limefungwa kamba. Alinikalisha upande wake wa meza, tukawa tunasoma bega kwa bega kama wanafunzi wenye kitabu kimoja.

Ukurasa wa juu ulikuwa na picha. Kijana wa nywele nyingi, ametazama kamera kwa dharau. Alikuwa na macho ya baba. Chini yake majibu yameandikwa kwa mashine: ametokea visiwani, anaishi Msasani, kazi mwuza duka, mke hana. Alama ya mwili: kovu dogo kwenye nyusi ya kushoto. Na mwisho kabisa, vyumba vya wino, mkono wa kushoto na mkono wa kulia.

"Babu yako kavijaza vyote," akasema yule mama, akipita juu yake na ncha ya kalamu bila kugusa. "Angalia. Kimoja, viwili, mpaka kumi. Wino mzuri."

"Alikuwa hana viwili vya kulia."

"Asingekuwa navyo, chumba kingeachwa wazi na kuandikwa. Hawakuwaga na mchezo hawa."

"Labda walimwandikisha kabla hajakatwa."

"Alikatwa lini?"

"Kabla hajavuka kuja huku."

Alinionyesha tarehe kwenye mhuri, akanionyesha tarehe ya kuingia. Mtu alikuwa ameshafika Msasani, amekaa miezi minne, na vidole vyake kumi. Kisha akageuza kurasa. Kulikuwa na fomu ya pili, ya miaka mingi baadaye, ya kuhuisha kibali kabla hajachukua uraia. Picha imenenepa. Mke mmoja, mtoto mmoja wa kiume. Mkono wa kulia una vyumba viwili vitupu, na ndani ya vitupu hivyo mtu ameandika kwa kalamu ya wino, mwandiko wa haraka: *Havipo. Ajali nyumbani.*

Niliyasoma maneno hayo matatu tena na tena mpaka yule mama akanigusa.

"Umepata ulichokuwa unatafuta?"

"Nimepata vidole."

"Mshukuru Mungu. Wengine huja hapa wanaondoka hata jina hawajalipata."

Nje nilisimama kivulini kwa ukuta na nakala mbili zenye mhuri. Watu waliuawa kule visiwani, hilo sikulitilia shaka wala silitilii sasa. Kuna familia ambazo kilichobaki kwao ni picha. Babu alikuwa ameazima kidonda chao. Miaka yote ile mama alikuwa akipigwa kwa jina la panga ambalo halikumgusa babu.

Kikao cha mkono wa mama, kilichokuwa kikiahirishwa muda wote ule, kiliitishwa Jumapili baada ya alasiri. Ilikuwa mara ya tatu anaomba talaka; mbili za kwanza bibi alimjibu vumilia. Tulikaa ukumbini juu ya mkeka: baba ameegemea ukuta, bakora ya babu iko kando yake, ami na kalamu zake, mama mkono kifuani, mie karibu na mlango. Bibi alikaa kwenye kigoda na nazi nne, bakuli na panga. Hakuwahi kuacha kazi kwa sababu ya kikao.

Ami alianza. Akasema ndoa ni safari, akasema sote tuna mapungufu, akanywa maji. "Na shemeji, unajua tulikotoka. Mtu kalelewa na mtu aliye..."

"Alikuwa na vidole kumi," nikasema.

"Nani?"

"Babu. Alipofika Dar." Niliweka karatasi ya kwanza juu ya mkeka, kisha ya pili. "Hii ni miezi minne baada ya kufika. Hii ni baada ya baba kuzaliwa. Someni hapo. Ajali nyumbani."

Ami alivaa miwani. Sikumbuki kumwona baba akisimama. Nilisikia bakora ikikata hewa, halafu pua yangu ikawa ya moto, na damu ikadondoka juu ya picha ya babu, juu ya nywele zake nyingi. Pigo la pili lilinipata kwenye kiwiko. Mama alipiga kelele. Ami alisema, "Kaka, kaka," bila kuinuka. Baba alininyanyua kwa nywele, ushungi umeniangukia mabegani, akainua bakora kwa ajili ya pigo la tatu.

"Mwache," bibi akasema. "Ni mie niliyemkata."

Hakupaza sauti. Nazi ilikuwa imebaki kwenye kiganja chake, nusu imepasuka, maji yanamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

Baba hakuishusha bakora, lakini haikuja.

"Tulikuwa Msasani," bibi alisema, akimwambia ami, kwa kuwa kati ya wanawe wawili ami ndiye ambaye hakuwa amezaliwa wakati ule. "Kaka yako ana miaka saba. Kapoteza ufunguo wa duka. Baba yenu alimlaza chini akamkanyaga shingo, akawa anampiga kwa mnyororo wa baiskeli. Mtoto kaanza kugeuka rangi. Nikapiga kelele, majirani wakaja mpaka mlangoni, wakasema ni mambo ya mtu na mwanawe. Wakarudi. Mie nilikuwa napasua nazi kama hivi. Yeye kaushika ukuta kwa mkono wa kulia, apate nguvu ya kukanyaga. Nikageuza panga upande wa makali. Mara moja tu."

"Mama," ami akasema. "Mama, lakini nyie mlisema..."

"Tuseme nini? Mwanamume wa Kimanga aseme kakatwa na mkewe? Akachagua ya visiwani. Ilimpa heshima. Tukahama, tukaja huku Buguruni ambako hapana mtu aliyemwona na vidole vyote. Nami nikasema nilimkuta hivyo." Akafuta mkono kwenye kanga. "Toka siku ile hakumpiga mtu. Si mie, si mtoto, si paka. Nyie mlimjua mpole, mkadhani ni tabia."

Nilikuwa nimekaa chini, nazuia damu kwa ushungi. Nilimtazama baba. Nilitegemea aseme mwongo, au aseme sikumbuki. Mtu wa miaka saba anaweza kusahau. Nilikuwa tayari kumpa nafasi hiyo, hata mie.

"Nilivifukia mie," baba akasema.

Akaendelea mwenyewe, akitazama kichwa cha bakora. "Nyuma ya choo. Nilichimba kwa kijiko. Mbwa asivile." Akafikiri kidogo. "Sasa hivi pale pana ukuta wa mgahawa."

Basi alijua. Kila mara ami alipoileta ile habari, kila mara mama alipoambiwa ile damu haijakauka, baba alikuwa amekaa pale akisikiliza, na mikono yake inakumbuka kijiko. Nimewahi kuulizwa ni pigo gani lililoniuma zaidi katika nyumba ile. Ni hilo, na halikunigusa.

Bibi aliigonga nazi mara ya mwisho, ikafunguka. Akaweka vifuu chini.

"Mwanangu," akamwambia mama. "Nilikwambia vumilia, nikakudanganya kwamba nilivumilia. Sikuvumilia. Nenda."

Mama alimtazama kama hajasikia vizuri.

"Niende wapi?"

"Kwa dada yako. Sasa hivi. Nguo zitafuata."

Mama aliinuka kwa mkono mmoja. Baba naye akainuka. Kutoka alipokuwa mpaka mlangoni ni hatua tatu, na bibi na kigoda chake walikuwa katikati. Bibi alichukua nazi nyingine, akaipima uzito kiganjani, akaokota panga. Safari hii makali yalitazama juu.

"Kaa," akasema.

Nilimwona baba akiutazama mkono wake wa kulia. Si kwa muda mrefu. Kisha mtu huyu wa miaka hamsini na kitu, ambaye watu wa sokoni humpisha, alikaa chini kwenye mkeka, akaikunja miguu.

Tulitoka. Mama hakubeba kitu isipokuwa hogo lake. Mie nilikuwa na karatasi zangu zenye damu, na dereva wa bajaji hakutaka kutubeba mpaka nilipomwambia tumeteleza bafuni, na mama akaanza kucheka tena, vibaya, akijishika mbavu, mpaka Mabibo. Mama mkubwa, dada yake mama, alikuwa sokoni kwake anagombana na wapakua ndizi. Alituona, akawaacha hapohapo na mikungu mabegani, akaja.

Huwa najiuliza ni nini hasa kilichomtoa mama. Mwanzo nilitamba kwamba ni karatasi. Sasa sina hakika. Karatasi ilisomwa na ami tu. Baba hakuihitaji, aliijua kabla yangu. Na bibi angeweza kusema siku yoyote katika miaka ile, bila mhuri wa mtu. Nilimuuliza mama, akasema nisimsumbue, ana mkono unaowasha ndani ya hogo na hakuna pa kujikuna.

Baada ya wiki tatu nilirudi Buguruni kuchukua nguo zake, wakati nikijua baba yuko dukani. Talaka alikuwa ameshaiandika, imo ndani ya bahasha, kaiacha kwa bibi. Bibi alikuwa jikoni. Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama pua iliyopinda.

"Imekupendeza," akasema. "Ulikuwa mzuri mno." Akafuta mikono. "Ile karatasi unayo?"

"Ipi?"

"Ya mwanzo. Ya vyote."

Nilikuwa nayo. Huwa natembea nayo. Niliifungua juu ya meza ya jikoni, damu imeshakuwa kahawia kwenye picha. Bibi hakuitazama picha. Aliinama mpaka uso ukakaribia karatasi, akavitafuta vile vyumba vya mkono wa kulia, akakipata cha shahada, akakipata cha kati. Aliweka kidole chake juu ya kimoja, kisha juu ya kingine, akakaa hivyo.

"Vilikuwa vidole vizuri," akasema.

Nje mtu alikuwa anateka maji. Bibi aliinyoosha mikunjo ya karatasi kwa kiganja, akanirudishia, akarudi kwenye kigoda chake na kulishika panga.

"Mwambie mama yako asirudi," akasema. "Hata nikiugua."